Mwongozo kamili wa kuhesabu mimea adimu ya asili visiwani, kwa mfano wa Pemba

Mwaka 1980, George Benjamin, mzaliwa wa kisiwa cha St Helena katikati ya Atlantiki, alikuwa na mtaalamu wa mimea Quentin Cronk walipoona vichaka viwili vya Trochetiopsis ebenus vimeng'ang'ania genge. Kwa zaidi ya miaka 100 mmea huo ulihesabiwa kuwa umetoweka. Karibu na wakati huohuo, kisiwani Rodrigues katika Bahari ya Hindi, mwanafunzi aliyetumwa na mwalimu wake kutafuta mimea ya kwao alileta kitawi cha Ramosmania rodriguesii, mti ambao nao ulikuwa umeshafutwa kwenye orodha ya walio hai. Mwaka 2009, kisiwani Ascension, Stedson Stroud na Phil Lambdon walikuta jimbi dogo la Anogramma ascensionis mlimani, miaka sita baada ya kutangazwa rasmi kwamba halipo tena duniani.

Mimea hiyo haikufufuka. Ilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyepita mahali penyewe, au aliyepita hakuandika alikopita. Ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza kitu kimoja kuliko vyote: mhesabuji wa mimea adimu ana wajibu wa kuandika alipotafuta bila kuona kwa uangalifu uleule anaoutumia kuandika alichokiona. Bila hivyo, neno "haupo" halina msingi.

Mfano wangu mkuu ni Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka, lakini hatua zenyewe zinafaa Mafia, Unguja, Lamu, Komoro au Shelisheli.

Kwa nini Pemba

Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, una kina kinachofika mita 800 hivi. Enzi ya barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja na Mafia ziliungana na bara, lakini Pemba ilibaki kisiwa. Utengano huo wa muda mrefu unaonekana kwenye mimea yake. Mpapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya minazi, hauoti porini popote duniani isipokuwa Pemba, na ndugu zake wote wapo Madagascar na Komoro. Katika Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa kisiwa, kuna pia Quassia indica, mti unaopatikana Madagascar na Asia ya Kusini Mashariki lakini si Afrika bara. Mahali penye mchanga mweupe usio na rutuba utakuta vichaka vya Erica mafiensis, ambavyo vipo pia Mafia.

Sehemu kubwa iliyobaki ya kisiwa ni mikarafuu, minazi, mihogo na mashamba ya mpunga. Msitu wa asili umebaki vipande, na kila kipande kinapaswa kuhesabiwa kwa makini.

Hatua ya 1: Anza mezani

Kazi ya kisiwani huanza miezi kadhaa kabla ya kupanda boti. Tengeneza orodha ya mimea unayoitafuta, kisha kwa kila mmoja tafuta kumbukumbu zote za zamani: nani aliuchuma, lini, wapi, na alisema nini kuhusu mahali hapo. Kumbukumbu hizo zipo kwenye hebaria, yaani maktaba za mimea iliyokaushwa. Kwa eneo letu anzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Hebaria ya Taifa ya Tanzania iliyopo Arusha, na Hebaria ya Afrika Mashariki iliyopo Nairobi. Sampuli nyingi za zamani za Zanzibar, zikiwemo zile alizochuma John Kirk katika karne ya 19, zipo kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na picha za nyingi zinaweza kutazamwa bure kwenye intaneti. Kanzidata ya GBIF hukusanya rekodi za makumbusho mengi mahali pamoja.

Tafuta kila mmea kwa majina yake yote ya kisayansi, ya zamani na ya sasa. Mpapindi ulielezwa mwaka 1962 kama Chrysalidocarpus pembanus, ukahamishwa kuwa Dypsis pembana, na hivi karibuni wataalamu wameurudisha kwenye jina la kwanza. Anayetafuta jina moja tu anapoteza nusu ya kumbukumbu.

Lebo za zamani zinahitaji subira. Nyingine zinasema "Pemba" basi. Nyingine zina jina la kijiji lililoandikwa kwa tahajia ya mgeni aliyesikia vibaya. Lisome kwa sauti mbele ya mtu wa huko, maana mara nyingi atalitambua mara moja. Kisha weka kila rekodi kwenye ramani pamoja na duara la mashaka: kama lebo inataja kijiji tu, duara liwe la kilomita kadhaa, si nukta moja ya kujidanganya.

Kitabu cha kutambulishia mimea kwa eneo letu ni Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Chapisha au pakua kurasa za familia unazozihitaji, kwa sababu mtandao msituni hauaminiki.

Hatua ya 2: Vibali, sheha na wazee

Kwa Zanzibar unahitaji kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi, na ruhusa ya idara inayosimamia misitu kwa kila hifadhi utakayoingia. Sampuli zikitoka nje ya nchi, kibali cha kusafirisha na cheti cha afya ya mimea vinahitajika, na kwa mimea iliyo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuna kibali kingine juu yake. Mitapo ya jenasi Encephalartos, mimea ya kale yenye majani kama makuti, kwa mfano, yote ipo kwenye Kiambatisho cha I cha mkataba huo. Anza mapema sana.

Barua hizo zikishapatikana, kazi ya adabu ndiyo kwanza inaanza. Nenda kwa sheha wa kila shehia kabla ya kuingia msituni, si baada. Mweleze unatafuta nini, utakaa siku ngapi, na matokeo utayarudisha vipi. Muombe akuonyeshe wanaoujua msitu. Hao mara nyingi si wale wanaojitokeza kwanza. Ni waganga wa miti shamba, kina mama wanaochuma ukindu wa kusukia mikeka, wajenzi wa mashua wanaojua mti gani unafaa mataruma, na wavuvi wanaopiga dago kwenye visiwa visivyo na watu na kutafuta kuni humo. Mvuvi aliyekaa dago misimu mingi anakijua kisiwa kidogo kuliko picha yoyote ya setilaiti.

Unapowahoji, usiwaonyeshe picha na kuuliza "huu upo?" Mtu muungwana atakujibu ndiyo ili asikuvunje moyo. Anza kwa kuuliza kuna miti gani, inatumikaje, na ipi imekuwa shida kupatikana siku hizi. Picha zije mwisho, na katikati yake weka mmea mmoja ambao una hakika hauoti huko, ili upime majibu. Andika jina la kienyeji pamoja na shehia ulikolisikia, kwa sababu jina moja linaweza kubeba miti miwili tofauti ukihama kutoka Micheweni kwenda Mkoani. Na kama mzee anakuambia jambo la dawa ambalo hataki liandikwe, usiliandike.

Wenyeji hawa walipwe kama mafundi, na majina yao yatajwe kwenye ripoti ikiwa wanaridhia. Kwa maoni yangu, utafiti wa kisiwa usio na mwenyeji ndani ya timu haufai kuanza.

Hatua ya 3: Majira na maji

Mimea hutambulika kwa maua na matunda, kwa hiyo lebo za zamani zikuongoze: kama sampuli zote zenye maua zilichumwa Novemba, usiende Julai. Kwa ujumla, mwisho wa vuli na miezi inayofuata masika huwa na maua mengi, lakini masika yenyewe, Machi hadi Mei, hufanya njia zisipitike na karatasi zisikauke. Kusi ikipamba moto, Juni hadi Agosti, upande wa mashariki wa visiwa haufikiki kwa chombo kidogo. Demani na kipindi cha maleleji, upepo unapobadilika, ndiyo nafasi nzuri zaidi ya kuvifikia visiwa vya nje.

Panga siku za kushuka kisiwani kwa kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika Zanzibar inafika mita 4 hivi, na maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Ukifika muda huo utatembea juu ya mwamba na mizigo kichwani. Wakati wa maji mafu bahari haipwi sana na chombo hukaribia. Visiwa vya matumbawe vimeliwa na mawimbi chini, ukingo ukabaki umening'inia kama dari, na sehemu za kupandia ni chache. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kushuka au kugeuza, wala usibishane naye.

Hatua ya 4: Vifaa

Daftari la karatasi isiyoharibika kwa maji na penseli kadhaa. Kalamu ya wino usiitegemee, wino utatoka na mvua ya kwanza. Simu mbili zenye programu ya kukusanyia takwimu bila mtandao, kama KoBoToolbox au QField, na kifaa cha GPS chenye betri za akiba. Dira, futi kamba ya mita 50, tepu ya kupimia unene wa miti, darubini ya mkononi, lenzi ya kukuzia mara 10, mkasi wa kupogolea na mkasi wa mti mrefu. Kwa sampuli: fremu mbili za mbao na mikanda, magazeti mengi, maboksi yaliyokatwa, mifuko mizito ya plastiki, spiriti, na silika jeli, yaani chembe za kunyonya unyevu, kwa vipande vya majani vya uchunguzi wa vinasaba.

Viatu viwe vya soli ngumu. Ardhi ya maweni ni matumbawe ya kale yaliyochongoka kama misumari, na ina mashimo yaliyofunikwa na majani. Shati la mikono mirefu na glavu zitakukinga na upupu. Visiwa vingi vya maweni havina maji matamu, kwa hiyo beba lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili ikiwa bahari itachafuka. Huduma ya kwanza na njia ya kuwasiliana na nchi kavu si vitu vya hiari.

Hatua ya 5: Safisha kabla ya kupanda chombo

Kisiwa huuawa na wageni. Kwenye Round Island, kaskazini mwa Mauritius, mbuzi na sungura walioachwa na watu walikula msitu wa asili wa miti ya jamii ya minazi hadi udongo ukakokwa na mvua, na miche ilianza kurudi vizuri baada ya sungura wa mwisho kuondolewa mwaka 1986. Mtafiti anaweza kuwa chanzo cha balaa kama hilo, ingawa amekuja kwa mapenzi.

Usiku wa kabla ya safari, fungua kila begi na ulikung'ute. Toa mbegu zilizonasa kwenye soksi, kamba za viatu na mishono ya hema. Sugua soli kwa brashi na maji hadi tope liishe, kisha zipulizie spiriti. Vyakula viwe kwenye ndoo zenye mifuniko ya kubana, si kwenye magunia wala maboksi yenye mikunjo, kwa maana humo ndimo sisimizi, mende na hata panya husafiri. Usipeleke mche wala udongo wowote. Matunda mabichi yaliwe chomboni, na kokwa zirudi nazo. Rudia usafi huo unapotoka kisiwa kimoja kwenda kingine, hata kama vinatazamana.

Hatua ya 6: Namna ya kutafuta

Siku ya kwanza ni ya kuzunguka tu. Tembea na wenyeji, jifunze msitu una sura ngapi, na urekebishe ramani uliyokuja nayo. Ngezi, kwa mfano, si msitu mmoja: kuna msitu mnene wenye unyevu, kuna mabwawa, kuna vichaka vya mchangani, kuna maweni na kuna mikoko. Kila sura itafutwe peke yake.

Baada ya hapo, chagua njia kulingana na mmea. Kwa mimea inayoonekana hapa na pale, weka mistari iliyonyooka kwa dira, kila mmoja mita 200 au zaidi, na hesabu kila mmea ulio ndani ya mita 5 kila upande. Mistari ichaguliwe kwa bahati nasibu ndani ya kila sura ya msitu, isifuate njia za miguu. Njia hupita kwenye wepesi, na mimea adimu mara nyingi imebaki pagumu, ambako panga halikufika. Kwa mmea adimu mno, tumia msako wa muda: watu wawili wanapita eneo lililowekewa mipaka kwa saa moja kamili, wakigeukia popote panapoelekea kufaa, huku GPS ikirekodi njia nzima. Ukikuta mmea mmoja, simamisha msako na chunguza duara la mita 30 kuuzunguka, kwa sababu mimea adimu hupenda kuota kwa makundi.

Kila msako, uwe na mafanikio au la, unaandikiwa: eneo, tarehe, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya watafutaji, hali ya hewa, na wastani wa umbali ambao macho yaliweza kupenya. Rekodi ya "saa 6 za watu wawili, eneo lote, hakuna" ina thamani kubwa. Watakaokuja baadaye wataitumia kuamua waanzie wapi.

Hata macho makali hukosa. Kipimo rahisi ni hiki: watafutaji wawili wapite eneo lilelile kwa nyakati tofauti, bila kuambiana, kila mmoja akirekodi mimea aliyoiona. Tuseme wa kwanza ameona 24, wa pili 20, na ukilinganisha nukta zao 16 ni ileile. Zidisha 24 kwa 20, gawa kwa 16: makadirio ni 30. Maana yake wote wawili pamoja wameona 28, na kuna kama 2 ambayo hakuna aliyeiona. Vilevile, wa kwanza aliona 16 kati ya 20 za mwenzake, yaani asilimia 80. Ukijua asilimia hiyo, unaweza kusema kwa uaminifu ni kwa kiasi gani "sikuuona" inakaribia "haupo". Ikiwa asilimia ni ndogo, hasa kwa miche, pita tena.

Usisahau magenge. Mbuzi, moto na panga haviyafikii, ndiyo maana mimea ya mwisho hujificha huko, kama ilivyokuwa St Helena. Yachunguze kwa darubini kutoka chini na kutoka baharini, asubuhi na jioni, mwanga unapopiga kwa upande. Droni husaidia sana, lakini ina kibali chake, na isirushwe karibu na ndege wanaotaga au kambi za popo. Asipande mtu genge bila kamba na mafunzo.

Hatua ya 7: Mbele ya mmea wenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo haraka inapoharibu. Nieleze kwa mpapindi.

Kwanza hakikisha ni wenyewe. Mpopoo, unaopandwa kwa ajili ya popoo za kutafuna, unafanana nao kwa mbali: shina jembamba lenye pete na makuti yenye vipande pande mbili. Lakini mpopoo husimama peke yake, na mpapindi huelekea kuota mashina kadhaa kutoka kitako kimoja. Mnazi wa mapambo wa Madagascar, Chrysalidocarpus lutescens, unaopandwa kwenye bustani za mahoteli, nao huota kichaka, ila vikonyo vya makuti yake ni vya manjano. Karibu na makazi uwe na shaka, na uulize kama kuna aliyepanda. Mpapindi uliopandwa bustanini hauingii kwenye hesabu ya wa porini. Uandikie orodha yake, kwani unaweza kufaa baadaye kwa mbegu.

Pili, amua mapema "mmoja" ni nini, na uandike uamuzi huo ukurasa wa kwanza wa daftari. Kitako chenye mashina matano ni mmea mmoja wenye mashina matano, si mimea mitano. Timu moja ikihesabu vitako na nyingine mashina, takwimu zote mbili zinakuwa bure.

Tatu, gawa kwa umri: mche wenye majani ambayo bado hayajagawanyika vizuri, kijana mwenye makuti kamili bila shina la kuonekana, mkubwa ambaye hajawahi kuzaa, na mzazi. Mzazi hutambulika kwa karara, kwa maua, kwa matunda, au kwa mabaki ya mashuke makavu chini ya taji. Inama uangalie chini, fukua majani makavu kwa vidole, na hesabu miche kwenye duara la mita 2. Hesabu ya wazazi wengi bila mche hata mmoja ni habari mbaya kuliko hesabu ya wazazi wachache wenye miche mingi, lakini kwenye jedwali lisilo na safu ya umri, ya kwanza itaonekana ndiyo nzuri.

Nne, andika hali ya mahali: mwanga unaofika chini, udongo, umbali wa maji, majirani wakubwa wa miti. Andika vitisho unavyoviona kwa macho, si unavyovidhania: visiki vilivyokatwa na upya wake, alama za moto, majani yaliyotafunwa, mitambaazi iliyokaba, na mimea vamizi. Ngezi ina tatizo la Maesopsis eminii, mti wa bara ambao Usambara unaitwa mhesi. Hukua upesi na kuziba nafasi ambazo miche ya asili ingezichukua. Pima umbali kutoka mpapindi hadi mhesi wa karibu zaidi.

Kwa mimea yenye dume na jike mbalimbali, kama mitapo, hesabu kila jinsia peke yake. Majike 20 yasiyo na dume hayatazaa. Ramosmania ya Rodrigues inafundisha jambo la karibu na hilo: vipandikizi vilifika Kew mwaka 1986 na vikatoa maua mengi, lakini hadi mwaka 2003 ndipo Carlos Magdalena, mtaalamu wa Kew, alipofanikiwa kupata tunda lenye mbegu.

Picha zipigwe kwa mpangilio uleule kila mara: namba ya mmea, mmea mzima na mazingira yake, shina, jani pande zote mbili, namna majani yanavyopachikwa, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda, na kipimo kando. Mpangilio usipobadilika, picha za siku nzima zitapangika zenyewe.

Hatua ya 8: Sampuli

Kanuni inayokubalika ni kuchuma kwa kiasi kisichozidi 1 kwa kila 20. Ikiwa mimea haifiki 20, usichume. Piga picha kamili na uchukue kipande kidogo cha jani kwa silika jeli, kama kibali kinaruhusu. Usichanje gome la mti adimu ili kunusa utomvu wake, hata kama ndiyo njia ya haraka ya kuutambua.

Unapochuma, chukua tawi lenye majani, maua na matunda, na tandaza jani moja likionyesha mgongo. Kuti la mpapindi haliingii kwenye gazeti, kwa hiyo kata vipande vitatu: kitako, katikati na ncha. Andika urefu wa kuti zima, idadi ya vipande kila upande na urefu wa kikonyo kabla hujakata, kwa kuwa baada ya hapo hakuna atakayeweza kuujua. Rangi ya ua na harufu huondoka kwenye kukausha. Ziandike papo hapo.

Kwenye unyevu wa kisiwa, sampuli huota ukungu kabla ya kukauka. Panga magazeti yenye sampuli, yafunge, yatie kwenye mfuko mzito wa plastiki, mwagia spiriti hadi yalowe, na uzibe mfuko. Zitakaa wiki kadhaa bila kuoza, kisha utazikausha ukirudi mjini. Kasoro yake ni kwamba spiriti huharibu vinasaba, ndiyo sababu ya kuweka kipande cha jani kwenye silika jeli kwanza.

Nakala moja ibaki nchini daima. Lebo iwe na namba, tarehe, mchumaji, mahali kwa maneno na kwa GPS, mwinuko, mazingira, jina la kienyeji, na kila kitu kitakachopotea mmea ukikauka.

Hatua ya 9: Kila jioni, kabla ya kulala

Hamisha takwimu, linganisha daftari na simu, na tengeneza nakala mbili zinazolala sehemu tofauti. Andika GPS kwa mfumo wa WGS84, kwa desimali, na uangalie alama. Pemba ipo karibu latitudo 5 kusini na longitudo 39.7. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, mpapindi wako utaonekana kusini mwa Ethiopia. Chini ya miti mikubwa GPS hukosea mita 10 na zaidi, hivyo isubiri itulie, na andika kiwango cha makosa inachokionyesha.

Jaza siku hiyohiyo yale ambayo hayakuandikwa. Kumbukumbu ya msitu huchanganyika haraka sana.

Hatua ya 10: Kutoka hesabu hadi hadhi

Vigezo vya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi unaotoa orodha ya viumbe walio hatarini, vinatumia idadi ya wazazi, ukubwa wa eneo na mwelekeo wa mabadiliko. Kwa idadi peke yake, wazazi chini ya 50 ni hatarini zaidi kabisa, chini ya 250 ni hatarini, chini ya 1,000 ni dhaifu. Miche na vijana hawahesabiwi hapo. Kwa eneo ambalo mmea unalikalia hasa, gawa ramani kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2 na hesabu yenye mmea: kila mraba ni kilomita za mraba 4.

Mmea wa kisiwa una jambo lake. Pemba nzima haifiki kilomita za mraba 1,000, kwa hiyo mmea wowote usioota kwingine unaingia moja kwa moja ndani ya kikomo cha eneo la mtawanyiko (si la miraba) cha ngazi ya "hatarini", ambacho ni kilomita za mraba 5,000. Hiyo haitoshi kuupa hadhi hiyo. Lazima uonyeshe pia angalau mambo mawili kati ya matatu: makazi yake yamekatika vipande au yamebaki machache, yanapungua, au yanayumba mno. Ushahidi huo unatoka kwenye safu za vitisho na umri ulizojaza hatua ya 7, na kwenye ramani za zamani za hatua ya 1. Hapo ndipo rekodi za "hakuna" nazo zinapolipa: mahali palipokuwa na mmea zamani, pametafutwa saa za kutosha, na haukuonekana.

Hatua ya 11: Nini kitangazwe, nini kifichwe

Habari za Ramosmania zilipoenea Rodrigues, watu walianza kuvunja matawi na kuchuma majani kwa dawa, hadi mti ule mmoja ukazungushiwa uzio, na baadaye uzio juu ya uzio. Kwa hiyo nukta kamili za GPS zibaki kwa idara ya misitu na hebaria. Kwenye ripoti ya umma onyesha mraba wa kilomita kadhaa tu, na zima kabisa nukta za picha unapozipakia mtandaoni, maana simu huziweka bila kukuuliza.

Shehia, hata hivyo, isifichwe kitu. Rudi na ripoti fupi ya Kiswahili, picha kubwa zilizochapishwa, na ramani inayosomeka. Kaa na sheha, wazee, walimu na kamati ya uhifadhi, waeleze umeona nini na hukuona nini, na usikilize wanavyokusahihisha. Mara nyingi kikao hiki ndicho kinachotoa taarifa ya kundi la mimea ambalo hakuna aliyelitaja mwanzo, kwa kuwa sasa wameona unachokitafuta na wameona umerudi.

Hatua ya 12: Acha alama za kurudia

Funga kibati cha alumini chenye namba kwenye kila mzazi, kwa waya wenye nafasi ili shina likinenepa lisinyongwe. Badala ya msumari, tumia waya daima. Chagua sehemu chache za kupigia picha ileile kila mwaka, weka jiwe la alama, na andika mwelekeo wa dira na urefu wa kamera kutoka ardhini.

Ratiba ya kurudi itegemee mmea. Mti unaokua polepole unaweza kuhesabiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5, lakini miche ifuatwe kila mwaka, mwezi uleule, kwa sababu vifo vyake hutokea kiangazi na havingoji ratiba yako. Mfundishe mwenyeji mmoja au wawili kusoma vibati na kujaza fomu, mwachie futi kamba, penseli na fomu za miaka miwili, na mkubaliane malipo kwa maandishi mbele ya sheha. Nakala ya fomu hizo ikae ofisi ya misitu Pemba, nyingine hebaria, pamoja na ukurasa ule wa kwanza wa daftari ulioandikwa "mmoja" ni nini.